Leseni ya CDL na mshahara wa dereva wa lori Marekani: mwongozo kamili kwa wanaozungumza Kiswahili

Nenda Louisville, Des Moines, Columbus, Dallas au Portland ya Maine, popote walipo Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wengi, utakuta madereva wa malori. Sababu inaeleweka. Kazi hii haidai shahada, mafunzo yake ni ya wiki chache, na malipo yake mara nyingi hupita ya ghala au kiwanda cha nyama. Tatizo ni kwamba pesa inayotajwa kwenye makundi ya WhatsApp siyo inayoingia benki. Tena wapo wanaolipa ada ya shule kabla hawajauliza kama jimbo lao litawapa leseni. Mpangilio huu ndio ningempa mdogo wangu: makaratasi kwanza, halafu afya, mtihani, na mwisho hesabu ya mshahara, ambayo nitaikalia zaidi kwa sababu ndiko watu wanakoumizwa.

Hatua ya 1: Uliza kama unastahili, kabla ya kulipa chochote

CDL, yaani leseni ya udereva wa magari ya biashara, inatolewa na jimbo unaloishi. Masharti yake makuu, hata hivyo, ni ya serikali kuu, kupitia FMCSA, idara ya Wizara ya Uchukuzi inayosimamia usalama wa malori na mabasi. Raia na mwenye Green Card hupewa CDL ya kawaida. Mkimbizi ambaye Green Card yake haijatoka, mwombaji hifadhi, na mwenye kibali cha kazi tu, waliwekwa kwenye fungu la pili, na kadi zao ziliandikwa "non-domiciled".

Fungu hilo la pili ndilo lililotikisika. Tarehe 29 Septemba 2025 FMCSA ilitoa kanuni ya dharura iliyolibana libaki kwa wenye viza za H-2A na H-2B (vibarua wa msimu) na E-2 (wawekezaji) peke yao. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Washington iliisimamisha, lakini majimbo kadhaa yalikuwa yameshafunga dirisha hilo, na Februari 2026 FMCSA ilitoa kanuni ya kudumu yenye mipaka ileile. Kama huna Green Card, nenda DMV, ofisi ya leseni ya jimbo lako, ukiwa na makaratasi yako yote mkononi. Uliza swali moja: kwa hadhi niliyo nayo leo, mtanipa CDL? Jibu la mwenye shule halitoshi, maana yeye anauza mafunzo, hatoi leseni. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba Green Card akishatimiza mwaka mmoja nchini. Usilaze ombi hilo hata mwezi mmoja, kwa sababu sasa limebeba riziki yako.

Na wewe uliye Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi unayeahidiwa viza ya udereva wa lori: tarehe 21 Agosti 2025 Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kusitisha utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Anayekudai "ada ya kuharakisha" anakuibia.

Leseni uliyokuja nayo, iwe CE ya Kenya au daraja E la Tanzania, haibadilishwi kuwa CDL. Ni leseni za Kanada na Meksiko tu zinazotambuliwa. Utaanza mwanzo hata kama umevuta mzigo wa Mombasa hadi Malaba kwa miaka. Uzoefu wenyewe haupotei, maana aliyezoea tani 56 za Afrika Mashariki hatatishwa na kikomo cha pauni 80,000, kama tani 36, kwenye barabara kuu za hapa. Aliyetoka Kenya, Tanzania au Uganda ajifunze upya kukaa kulia. Mkongo, Mnyarwanda na Mrundi wameshazoea upande huo.

Umri ni miaka 18 kwa kuendesha ndani ya jimbo lako, na 21 kwa kuvuka mipaka ya majimbo au kubeba mizigo ya hatari.

Halafu Kiingereza. Kanuni ni ya zamani: dereva aweze kuzungumza na watu, kusoma alama za barabarani, kumjibu askari na kujaza ripoti. Kipya ni kwamba tangu tarehe 25 Juni 2025 mkaguzi akiona huwezi, anakusimamisha kazi papo hapo kando ya barabara. Kwanza anakuhoji: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, umeendesha saa ngapi. Kisha anakupima alama. Tafuta mtu mfanye mahojiano haya kila jioni, na usome hata vibao vya umeme vinavyotoa matangazo ya ajali na matengenezo. Mtu wa Kiingereza cha kawaida anaweza kujiandaa vizuri. Asiyejiandaa, mzigo na lori vitabaki kwenye mizani, naye atatafuta usafiri wa kurudi.

Hatua ya 2: Chagua daraja

Daraja A ni la kichwa na trela: uzito wa jumla kuanzia pauni 26,001, na trela inayozidi pauni 10,000. Daraja B ni la lori moja zito lisilo na trela kubwa, kama tipa, lori la takataka au basi. Kwa maoni yangu chukua A hata kama leo unafikiria B, kwa kuwa mwenye A anaendesha na za B, lakini wa B hawezi kupanda A.

Angalia gari utakalofanyia mtihani. Ukifanya kwa gia za otomatiki, leseni itawekewa kizuizi E na hutaruhusiwa kuendesha lori la klachi. Makampuni mengi makubwa sasa yana otomatiki, kwa hiyo wengi hawaumii. Ila kama unalenga tipa za ujenzi au makampuni madogo yenye magari ya zamani, tafuta shule yenye lori la gia za mkono.

Hatua ya 3: Daktari na kipimo cha dawa

Cheti cha afya hutolewa na mpimaji aliye kwenye orodha ya kitaifa ya FMCSA. Daktari wako wa kawaida hafai kama hayumo. Kwa kawaida kila jicho lifike 20/40, kwa miwani au bila miwani. Presha ikiwa chini ya 140/90 na mengine yako sawa, cheti ni cha miaka miwili. Ikiwa juu kidogo unaweza kupewa cha muda mfupi. Mwenye kisukari anayechoma insulini haondolewi moja kwa moja siku hizi, bali aende na fomu iliyojazwa na daktari anayemtibu. Wiki chache kabla ya kupimwa punguza chumvi, lala vizuri, na kama una dawa za presha zinywe kama ulivyoandikiwa.

Kabla ya kazi ya kwanza utapimwa mkojo kwa dawa za kulevya. Bangi hairuhusiwi kwa dereva wa CDL, hata jimbo lako likiwa linaiuza dukani. Matokeo mabaya, au kukataa kupimwa, huingia kwenye hifadhi ya taifa iitwayo Clearinghouse, inayoangaliwa na kila mwajiri. Tangu tarehe 18 Novemba 2024 majimbo yanatakiwa kuondoa CDL ya mtu ambaye hifadhi hiyo inaonyesha amezuiwa, mpaka amalize utaratibu wa kurudi kazini. Niseme na la miraa, kwa kuwa kwetu ni jambo la kawaida njiani: Marekani kathinoni iliyomo kwenye miraa mbichi imo kwenye daraja la juu kabisa la dawa zilizopigwa marufuku. Dereva haruhusiwi hata kuwa nayo ndani ya gari.

Hatua ya 4: Kibali cha kujifunzia

Kitabu cha CDL cha jimbo lako kinapatikana bure kwenye tovuti ya DMV. Kwa daraja A utafanya mitihani mitatu ya maandishi: maarifa ya jumla, breki za upepo, na gari lenye trela. Alama za kufaulu ni asilimia 80. Jisomee kwa Kiingereza tangu mwanzo, kwa sababu mtihani wa vitendo hauna mkalimani.

Ukifaulu unapewa CLP, yaani kibali cha kujifunzia. Kwa hicho unaendesha ukiwa na mwenye CDL kwenye kiti cha pembeni, na lazima ukae nacho siku 14 kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo.

Hatua ya 5: Shule

Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba CDL ya A au B kwa mara ya kwanza lazima apite kwa mtoa mafunzo aliyesajiliwa na FMCSA. Orodha iko wazi mtandaoni, hivyo tafuta jina la shule mwenyewe. Usitosheke na kuwemo tu, maana Desemba 2025 Wizara ilitangaza hatua ya kuwafuta watoa mafunzo karibu 3,000.

Serikali kuu haikuweka idadi ya chini ya saa za kukaa kwenye usukani, na shule dhaifu zinaishi ndani ya mwanya huo. Nenda yadini bila kuaga, usimame saa moja uangalie. Wanafunzi wangapi kwa lori moja? Mkiwa wanane, siku nzima utashika usukani kidogo sana na mengine ni kuangalia wenzako. Uliza pia wanatumia lori gani siku ya mtihani, na ukishindwa unalipa kiasi gani kurudia.

Ada mara nyingi huwa kati ya dola 3,000 na 10,000. Kabla ya kukopa, pita ofisi ya ajira ya serikali iliyo karibu nawe, zile ziitwazo American Job Center, uulize fedha za WIOA, mpango wa serikali kuu wa kuwalipia watu mafunzo ya kazi. Kwa mtu wa kipato kidogo zinaweza kulipa ada yote. Vyuo vya jamii navyo mara nyingi ni nafuu.

Njia nyingine ni kampuni ya malori ikusomeshe nawe uifanyie kazi kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja hivi. Kwa asiye na akiba ni njia halali. Soma kwanza kipengele cha kuondoka mapema: unadaiwa ada yote, au deni linapungua kila mwezi uliofanya kazi? Linalopungua ndilo la kukubali.

Hatua ya 6: Mtihani wa vitendo

Una sehemu tatu: ukaguzi wa gari, kurudi nyuma yadini, na barabarani.

Ukaguzi ndio unaoangusha watu wetu wengi, na hauangushi kwa ufundi bali kwa mdomo. Lazima uguse au uonyeshe kila kifaa, ukitaje kwa Kiingereza na useme hali yake: hakijapasuka, hakijalegea, hakivuji. Tairi za mbele ziwe na kina cha 4/32 ya inchi, nyingine 2/32. Jiandikie mzunguko mmoja usiobadilika, kuanzia injini, kuzunguka kichwa, pale trela inapoungana, hadi taa za nyuma. Usome kwa sauti mpaka ulimi uuzoee, hata jikoni ukiwa unapika.

Ndani ya ukaguzi kuna jaribio la breki za upepo, na ukikosea hapo mtihani umekwisha. Injini ikiwa imezimwa na breki zimeachiwa, lori lenye trela lisipoteze zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kwa dakika. Ukikanyaga breki na kushikilia, lisipoteze zaidi ya 4. Kisha unakanyaga na kuachia mara nyingi ili kushusha upepo. Onyo lazima lilie kabla ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha jimbo lako, 55 au 60, halafu vitufe vya breki viruke vyenyewe kati ya 20 na 45. Zikariri namba hizi pamoja na maneno yake.

Kwenye kurudi nyuma, nenda polepole kuliko unavyodhani inafaa. Unaruhusiwa kushuka kuangalia, mara chache zilizowekwa. Shuka. Kuona aibu kushuka hakukupi alama yoyote, na kugusa koni kunakuondolea.

Barabarani mkaguzi anatazama macho yako kwenye vioo, kona za kulia, mwendo na unavyovuka reli. Aliyefanya mazoezi ya kutosha hapa hapati shida kubwa.

Hatua ya 7: Mshahara, hesabu kamili

Takwimu za Idara ya Takwimu za Ajira, BLS, za Mei 2024 zinaweka mshahara wa kati wa dereva wa malori mazito kuwa dola 57,440 kwa mwaka. Nusu wanapata chini ya hapo, nusu juu. Asilimia 10 ya juu wanapita dola 78,000, ile ya chini hawafiki 39,000. Ukisikia "dola 10,000 kwa mwezi", uliza: kabla ya mafuta, bima na kodi, au baada?

Wengi wa safari ndefu hulipwa kwa maili. Tuseme senti 50 kwa maili, na wiki nzuri ya maili 2,500: dola 1,250 kabla ya makato. Sheria inakuruhusu kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10, na usipite saa 70 za kazi ndani ya siku 8. Ikiwa wiki hiyo imekula saa 70, umelipwa chini kidogo ya dola 18 kwa saa, tena umelala kwenye lori. Dereva wa mjini anayelipwa dola 26 kwa saa kwa saa 50 anapata 1,300 na kila usiku yuko na wanawe. Sisemi safari ndefu ni mbaya. Kwa kijana asiye na kodi ya nyumba inaweza kumjengea akiba haraka. Ninachosisitiza ni kugawa malipo kwa saa zote ulizotumia kabla ya kulinganisha kazi mbili. Usitegemee malipo ya saa za ziada pia, maana sheria kuu ya kazi haiwalazimishi waajiri kuwalipa madereva wengi wa kati ya majimbo.

Senti kwa maili peke yake haisemi mengi. Uliza ni maili zipi zinazohesabiwa: za njia halisi, au za jedwali linalopima njia fupi kabisa ambayo lori haliwezi kuifuata? Tofauti ya asilimia chache kwa mwaka mzima ni pesa ya kodi ya nyumba. Trela tupu inalipwa? Kusubiri kupakia kunalipwa kuanzia saa ya ngapi? Desturi ya sekta ni baada ya saa mbili, na zile mbili za kwanza kwa kawaida hakuna anayekulipa. Je, kuna kiwango cha chini cha wiki ikiwa mizigo haipo? Wiki za mwanzo ukiwa na mwalimu unalipwaje? Hapo malipo mara nyingi ni ya mkupuo na madogo, kwa hiyo weka akiba ya miezi miwili kabla ya kuacha kazi uliyo nayo.

Kampuni nyingine hulipa sehemu ya mshahara kama posho ya njiani isiyokatwa kodi. Mkononi utapata zaidi, lakini kipato kinachoonekana kwenye karatasi kinashuka. Anayejiandaa kuomba mkopo wa nyumba aifikirie mara mbili, kwa kuwa benki inasoma karatasi.

Sasa la W-2 na 1099, fomu mbili za kodi zinazoonyesha umelipwa kama nani. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu mara nyingi anayetupa 1099 ni mtu wetu, tunasali naye. Kwa W-2 wewe ni mwajiriwa: kodi inakatwa, mwajiri analipa nusu ya michango ya Social Security na Medicare, na ukiumia kwa kawaida kuna bima ya wafanyakazi. Kwa 1099 unahesabiwa kama mfanyabiashara. Hakuna kinachokatwa, na mwisho wa mwaka asilimia 15.3 ya michango hiyo ni yako yote, juu ya kodi ya mapato. Kama lori ni la kampuni, mzigo wanakupangia wao, na saa ya kuondoka wanaamua wao, una dalili zote za mwajiriwa hata wakuite jina gani. Ukikubali 1099 kwa hiari, weka kando robo ya kila malipo na ulipe kodi kila robo mwaka.

Wanaolipwa asilimia ya mzigo huambiwa "asilimia 30", lakini 30 ya ngapi? Ukiwa na lori lako umelikodisha chini ya kampuni na unalipwa kwa asilimia, kanuni za serikali kuu zinakupa haki ya kuona hati ya bei ya mzigo. Mwenye kampuni anayekasirika ukiiomba amekujibu.

Na ile ya "njoo bila pesa, ondoka na lori lako", yaani kukodi lori ukililipia kidogo kidogo kupitia kampuni inayokupa mizigo: iache. Wao ndio wanaopanga mizigo unayopata na makato unayolipa. Ukikwama wanachukua lori na kumpa mwingine. Kikosi kilichoundwa na FMCSA kuchunguza mikataba hii kilipendekeza, Januari 2025, kwamba Bunge la Marekani liipige marufuku. Anayetaka lori lake afanye kazi ya W-2 kwanza, aweke akiba, akope benki, na atenge fungu la matengenezo kabla hajawasha injini.

Hatua ya 8: Linda rekodi

Mwaka wa kwanza mshahara si jambo kubwa kama rekodi safi, maana bima ndiyo inayoamua nani atakuajiri. Makosa mawili makubwa ndani ya miaka mitatu, kwa mfano kuzidi mwendo kwa maili 15 kwa saa au zaidi, au kutumia simu mkononi, yanakunyima CDL siku 60. Matatu, siku 120. Ukiwa kwenye lori, kipimo cha pombe kwenye damu ni 0.04, nusu ya kile cha dereva wa kawaida katika karibu majimbo yote, na kosa la kwanza la kuendesha umelewa ni mwaka mzima bila CDL, hata kama siku hiyo ulikuwa na gari lako dogo. Ukipatikana na hatia ya kosa lolote la barabarani isipokuwa maegesho, mwarifu mwajiri ndani ya siku 30.

Waajiri huangalia ripoti ya PSP inayoonyesha ajali zako za miaka mitano na ukaguzi wa miaka mitatu. Nawe unaweza kuiagiza mwenyewe kwa ada ndogo. Iagize kabla ya kuomba kazi mpya, na ukikuta ukaguzi au ajali isiyo yako, fungua madai ya marekebisho kupitia mfumo wa FMCSA uitwao DataQs ukiwa na nakala za hati zako. Ndiyo maana kila karatasi ya ukaguzi unayopewa njiani, hata ile isiyo na kosa, ipigwe picha siku hiyohiyo na kuhifadhiwa.